Chagua Mto Wako: Kwa Kijana wa Katanga Anayetaka Kuwatetea Samaki wa Mitoni

Wanafunzi wa kampasi ya Kasapa huniuliza: mtu akisomea samaki wa mtoni badala ya wale wa bwawani, atakula nini? Ni swali la haki, nami nitalijibu huko mbele. Lakini kabla ya kuhesabu mshahara, nenda soko la Kenya asubuhi, hapahapa Lubumbashi, ukaone jiji linakula nini na bukari. Utamkuta thomson wa barafu aliyetoka baharini. Utakuta kapenta na ndagala wakavu, samaki waitwao pale na makobo kutoka pande za Kasenga, na kambale wa moshi kutoka Bukama na maziwa madogo ya Upemba. Mama anayeuza anajua kila fungu limetoka maji gani, limelala njiani siku ngapi, na samaki gani amepungua umbo tangu alipoanza biashara. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili maswali hayohayo, mara nyingi atakutajia tilapia mmoja tu, yule wa kufugwa. Pengo kati ya hao wawili ndipo kazi yako inapoanzia.

Ushauri wangu ulio mzito kuliko mwingine wote ni huu: chagua mto mmoja, uukalie. Usiruke kutoka mradi wa Lualaba kwenda wa Tanganyika kwa sababu mfadhili amebadilisha ramani. Uwe Luapula, au Lufira, au Kafubu tu, lakini uwe wako kwa miaka. Sababu yangu ni mpumbu.

Mpumbu, ambaye wanasayansi humwita Labeo altivelis, ni samaki mnene wa magamba makubwa aliyekuwa akiishi kwa wingi katika Ziwa Mweru. Mvua zikishika na maji yakipanda, alikuwa akitoka ziwani kwa makundi na kuupanda Luapula kwenda kutaga mayai kwenye maji ya mafuriko. Watu wa bondeni waliijua safari hiyo na kuisubiri. Kisha mji wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ukakua kwa shaba, na maelfu ya wafanyakazi wa Union Minière wakahitaji posho ya chakula. Kasenga, kama kilomita 200 kutoka hapa, ikawa bandari ya samaki. Wafanyabiashara Wagiriki walijenga mashua, wakaleta barafu na malori, wakanunua kila kilichoshuka mtoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mahitaji ya migodi yalipanda zaidi. Nyavu zikatandwa mtoni wakati uleule mpumbu walipokuwa wanapanda kutaga, zikawakamata majike yaliyojaa mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeanguka, na wingi ule haujarudi hadi leo. Mwanahistoria David Gordon ameyaeleza hayo katika kitabu chake Nachituti's Gift cha mwaka 2006, na mwanafunzi yeyote wa samaki Haut-Katanga anapaswa kukisoma kabla ya kugusa wavu.

Tazama sasa alichokosa mpumbu. Wavuvi walikuwepo, wanunuzi walikuwepo, watawala wa pande zote mbili za mto walikuwepo na daftari zao za ushuru. Mtu mmoja tu ndiye aliyekosekana kwa wakati: wa kusema, kwa hesabu iliyoandikwa mwaka hadi mwaka, kwamba kundi linalopanda linapungua na majike yanakamatwa kabla ya kutaga. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa safari moja ya utafiti. Mwaka mmoja wa mvua nyingi unaweza kukudanganya, na mwaka wa ukame hali kadhalika. Anayeukalia mto ndiye atakayetofautisha mwaka mbaya na mwanzo wa msiba.

Jifunze pia tofauti ya maumbile iliyomponza mpumbu. Pale, yule tilapia wa Mweru, hutunza mayai na vifaranga mdomoni, na kutaga kwake kumetawanyika pwani za ziwa. Ni vigumu kuwamaliza wote kwa pigo moja. Mpumbu hutaga mayai mengi mara moja, mahali pachache, katika msimu mfupi, baada ya safari ambayo kila mtu anaijua njia yake. Samaki wa namna hii humalizwa na nyavu za majuma machache zikiwekwa mahali pabaya. Kwa hiyo, mtoni kwako, swali la kwanza lisiwe wapo samaki wangapi. Liwe: nani anahama, anapita wapi, anataga lini? Ukishajua hayo kwa spishi tano au sita zinazolisha watu, umeshapata kitu cha kumwambia chifu wa kijiji na waziri wa jimbo.

Maana yake ni kwamba utafanya kazi wakati wa mvua. Nalisema wazi kwa sababu kalenda ya vyuo inatusukuma kwenda mashambani wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Wakati huo maji yako chini na samaki wamejikusanya kwenye vidimbwi, na utarudi na orodha nzuri ya spishi bila kuelewa maisha yao. Barabara ya Kasenga ikiwa tope, ndipo samaki wanapofanya jambo unalopaswa kuliona. Nunua buti, nunua jaketi la kuokolea maisha na ulivae kila unapopanda mtumbwi, na ukirudi mjini upimwe kichocho. Mamba na viboko waulizie kwa wenyeji kila asubuhi, hata kama jana ulipita palepale salama.

Halafu jifunze majina. Huwezi kumtetea samaki usiyeweza kumtofautisha na jirani yake, na mito yetu bado ina samaki wasio na jina la kisayansi. Mwaka 2020 Bauchet Katemo Manda na wenzake walieleza spishi mpya, Enteromius thespesios, samaki mdogo wa jamii ya kuyu kutoka pande za kusini-mashariki za bonde la juu la Kongo, ambaye dume na jike wanatofautiana kwa namna isiyo ya kawaida. Mwaka huohuo Christian Mukweze Mulelenu na wenzake walieleza Cyphomyrus lufirae, mmoja wa samaki wanaotoa umeme hafifu kuwasiliana na kutafuta njia kwenye maji machafu. Jina lake limebeba mto wa Lufira. Kazi zote mbili zina mizizi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na zilifanywa pamoja na wataalamu wa jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Kwa miaka mingi samaki wa Katanga walipewa majina na Max Poll na Wabelgiji wengine, kutokana na vielelezo vilivyosafirishwa ndani ya chupa. Sasa majina yanatolewa na watu waliokulia hapa. Nalifurahia jambo hilo kwa dhati, na nataka jina lako liwe miongoni mwao.

Kazi ya majina ina nidhamu yake, na iliyo mbaya haiwezi kurekebishwa baadaye. Mpige samaki picha angali na rangi zake, kwa sababu formalini huzifuta. Kata kipande kidogo cha pezi ukitie kwenye alkoholi safi kabla samaki hajaguswa na formalini, la sivyo maabara haitaweza kuisoma DNA yake. Kisha mwili uingie kwenye formalini, na baadaye uhamishiwe alkoholi ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi isiyooza, iwekwe ndani ya chupa, si kubandikwa nje: mahali, vipimo vya GPS, tarehe, aina ya mtego, na jina alilolitaja mvuvi. Jina la mvuvi usilidharau. Mzee wa Luapula akisisitiza kwamba hawa ni wawili wakati kitabu chako kinasema ni mmoja, weka chupa mbili.

Tervuren huendesha kila mwaka mafunzo ya utambuzi wa samaki na matumizi ya FishBase, hifadhidata ya samaki, kwa watafiti wachache kutoka Afrika. Omba nafasi. Ukikataliwa omba tena mwaka unaofuata ukiwa na vielelezo vingi zaidi, maana anayekwenda na swali lake mwenyewe kutoka mto wake hupokewa tofauti na anayekwenda kutembea. Nakala ya vielelezo na takwimu ibaki Lubumbashi, na vibali vya kukusanya na kusafirisha viwe mkononi kabla ya safari ya kwanza.

Sasa tufike penye uchungu. Mtafiti wa samaki wa mitoni katika Katanga hawezi kuikwepa migodi. Bwawa la Mwadingusha, lililozaa Ziwa Tshangalele na kuanza kutoa umeme mwaka 1930, lilijengwa kwa ajili ya shaba. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, ya miaka ya 1950, hali kadhalika. Mto Kafubu unapokea maji ya Lubumbashi na ya pande za Kipushi kabla ya kwenda kujimwaga Luapula, na kwa hiyo kinachotupwa hapa mjini kina njia ya kufika kwa mvuvi wa Kasenga.

Shaba ikiyeyuka majini, hata kwa kiasi cha mikrogramu kwa lita, huharibu matamvua ya samaki na kumfanya apoteze chumvi za mwili. Maji yakiwa na asidi au yakiwa na chokaa kidogo, madhara yanazidi. Kwa hiyo usipime shaba peke yake. Pima pia pH, ugumu wa maji na uwezo wake wa kupitisha umeme, na uchukue tope la chini, kwa sababu metali hukaa humo miaka mingi baada ya maji kuonekana masafi. Mwaka 2010 Katemo Manda na wenzake walichapisha vipimo vya metali nane katika mnyororo wa chakula wa Lufira ya juu: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani, vanadi na aseniki. Ona mwelekeo wa kazi ya mtu huyo: alianza na sumu ndani ya samaki, na miaka 10 baadaye akaeleza samaki asiyekuwa na jina. Njia zote mbili ni za mtu mmoja anayelijua eneo moja.

Kuna jambo ambalo watafiti wengi huliacha. Hupima nyama ya mgongo, kwa sababu ndivyo kanuni za nchi nyingine zinavyoelekeza. Lakini metali nyingi hujikusanya zaidi kwenye ini, figo na matamvua, na sisi tunakula samaki wadogo wazimawazima, kichwa na matumbo humohumo. Ukitaka kujua mtoto wa Lubumbashi anameza nini, saga samaki mzima jinsi mama anavyompika.

Ajali pia zinakuja bila kutangazwa. Tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, karibu na Chambishi, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka. Maji ya asidi yakaingia katika mto Mwambashi hadi Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Hapa kwetu nako maji ya viwanda yamewahi kuingia mitaani. Siku kama hiyo kila mtu atakukimbilia umwambie mto umepoteza nini, na jibu lako litategemea ulichopima mwaka uliotangulia. Anayeanza kupima baada ya samaki kuelea hana cha kulinganisha, na wakili wa upande wa pili atamwuliza hilo kwanza. Hii ni sababu yangu ya pili ya kukuomba ukae mto mmoja.

Watakuja watu wenye nia njema kukuambia kwamba jawabu ni ufugaji: chimbeni mabwawa, mto upumzike. Ufugaji nauheshimu. Kipopo, pembezoni mwa Lubumbashi, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa barani kuchunguza ufugaji wa tilapia, tangu miaka ya 1940, na familia nyingi leo zinaishi kwa mabwawa. Ila bwawa halimrudishi mpumbu. Katika mto Columbia wa Marekani vituo vya kuzalisha samoni vimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 100, na bado makundi kadhaa ya samoni wa asili yamo katika orodha ya walio hatarini. Na bwawa lenyewe linaweza kuudhuru mto. Katika Kafue ya Zambia tilapia wa Mto Nile, aliyeletwa kwa ajili ya kufugwa, alitoroka mashambani, akajaa mtoni na kuzaana na tilapia wa asili mpaka imekuwa taabu kuwatambua. Jirani akikuuliza afuge nini, mshauri afuge wa kwetu, pale wa bonde hilohilo, na azibe matundu ya mifereji kabla ya mafuriko. Hiyo pia ni kazi ya uhifadhi, ingawa hakuna atakayekupa cheti kwa ajili yake.

Kwa wavuvi nenda kama mgeni. Salimia, keti, eleza umetumwa na nani na unatafuta nini, na usiulize habari za chandarua siku ya kwanza. Luapula inataka Kibemba zaidi ya Kiswahili, Lufira inataka Kisanga na Kilamba, Upemba inataka Kiluba. Kifaransa kitakupa shahada na Kiingereza kitakuchapishia makala, lakini lugha ya mtoni ndiyo itakayokuambia samaki wamehamia wapi. Mwite mzee papa na mwuzaji mama, na maarifa waliyokupa yataje kuwa ni yao unapoandika.

Utaona mambo ya kuuma: nyavu zilizoshonwa kwa vyandarua vya mbu zikizoa vifaranga, watu wakiyapiga maji kwa kutumpula ili kuwasukuma samaki wavuni, utupa uliopondwa na kutiwa kijitoni. Usigeuke polisi. Askari wa kufukuza wapo, na mara nyingi hufukuza wenye mitumbwi midogo peke yao. Kazi yako ni kupima kila mtego unachukua nini: kati ya samaki 100, wangapi hawajafikia umri wa kutaga? Matokeo hayo yapeleke kijijini kwanza, kabla ya ofisi. Nimeona wazee wakikubaliana wenyewe kuacha mlango wa kijito kimoja wazi wakati wa mafuriko, baada ya kuonyeshwa mayai ndani ya samaki waliokamatwa pale, na makubaliano ya namna hiyo hudumu kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Sheria uzijue hata hivyo. Amri ya uvuvi ya mwaka 1937 ni ya enzi ya mkoloni na bado inatajwa. Sheria ya mazingira ya 2011 na ile ya uhifadhi wa asili ya 2014 ndizo mpya. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa 1939 na Kundelungu 1970, zote chini ya ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa asili. Bonde la Lufira ni hifadhi ya biosfea ya UNESCO tangu 1982, na mwaka 2017 likaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu. Majina haya makubwa hayazuii wavu hata mmoja, lakini yanakupa mahali pa kusimama unapodai kwamba tathmini ya athari za mgodi imtaje samaki anayehama.

Narudi kwenye chakula chako. Chuoni utaanza kama msaidizi, na mshahara utakuja kidogo na kwa kuchelewa. Huo ndio ukweli, na usioe kwa ahadi ya mshahara huo peke yake. Zipo nafasi chache ICCN, na Forgotten Parks, wanaoendesha Upemba pamoja nayo. Zipo huduma za jimbo za uvuvi na za mazingira. Upo mfuko wa Rufford wa Uingereza, unaotoa misaada midogo kwa wahifadhi wanaoanza. Msaada wa namna hiyo unatosha nyavu, mafuta ya pikipiki na posho ya msaidizi wa kijijini kwa msimu, na hivyo ndivyo miaka mingi ya mto mmoja inavyojengwa, msimu kwa msimu.

Na zipo kampuni za migodi. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inazilazimisha kufanya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na wanaohitajika kuifanya ni watu kama wewe. Sikukatazi, kwa kuwa wengine wanasomesha watoto kwa kazi hiyo na wanaifanya kwa haki. Lakini kabla ya kutia sahihi, hakikisha mkataba unakuruhusu kuchapisha takwimu zako. Chukua sampuli juu ya mgodi na chini yake, wakati wa mvua na wa kiangazi. Ukiambiwa ripoti iondoe kituo kimoja kwa kuwa matokeo yake hayapendezi, usiitie sahihi, na nakala yako iwe imehifadhiwa mahali pengine tangu mwanzo. Jina la mtaalamu likishachafuka mjini hapa, wavuvi wa Kasenga watapata habari kabla hajashuka kwenye basi.

Kama huna hata faranga ya kuanzia, anzia sokoni. Ubao wa kupimia samaki ni kipande cha mbao chenye rula. Patana na mama wawili watatu wa soko la Kenya, upime mafungu yao siku ileile ya kila juma, uandike spishi, urefu na mahali alikotoka, na umnunulie yule uliyemchelewesha. Baada ya miezi 12 utakuwa na jedwali la samaki wa Luapula ambalo ofisi nyingi hazina.

Mwaka wako wa kwanza mtoni ukiisha, vuka maji. Luapula ni mpaka, na samaki anayetaga upande mmoja huvuliwa upande wa pili. Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande mmoja ukifunga peke yake, nyavu huhamia ng'ambo tu. Idara ya uvuvi ya Zambia ina kituo Nchelenge, kwenye ufuo wa Mweru. Andika barua fupi kwa Kiingereza, ambatisha jedwali lako la sokoni, na uwaombe tarehe walizoona samaki wa kwanza wenye mayai mwaka huo. Waambie zako.